Nilipie miksa mapema kwa duka la TV ama ninunue iliyo dukani?

Swali: "Mimi nafanya keki za oda nyumbani hapa Mbale. Nimeona kwa TV kile kipindi cha kuuza vitu vya nyumbani, wana miksa ya lita 7, wanasema ukioda mapema ni 680,000 badala ya 950,000, unatuma asilimia 60 sasa kwa simu halafu inafika baada ya wiki 6 mpaka 8. Kikuubo, kule kwa maduka ya Kampala, nimepata ambayo naona ni hiyo hiyo kwa 850,000, iko dukani. Sasa hivi natumia kale kadogo ka mkono, kila wiki narudisha kama oda mbili za keki juu siwezi kuzimaliza, na nataka niwe tayari kabla ya harusi za Desemba. Dada yangu yuko Waltham kule Marekani, yeye anasema niachane na watu wa Kampala, ataniwekea oda ya mapema kwa chaneli ya huko halafu ataituma. Mume wangu anasema zote ni wizi tu. Nani ana ukweli?"

Nyabo, kwanza mwambie mzee wa nyumbani apumue kidogo, si zote ni wizi. Lakini ana kitu anakisikia mwilini ambacho hajakitaja vizuri, na hicho ndio nataka tukiongelee. Mimi nimekaa Malaba mpakani miaka mingi nikitoa mizigo forodhani kabla sijaanza hii kazi ya kusaidia wafanyabiashara wadogo kuagiza vitu vyao, na oda za mapema nimeziona kutoka pande zote mbili, upande wa anayelipa na upande wa kontena lenyewe likifunguliwa.

Wewe unaiangalia kama bei, unasema 680,000 na 850,000, ipi ndogo. Hapo ndio wengi tunapotelea. Ukilipa 408,000 leo (ndio hiyo asilimia 60 yako) kwa kitu ambacho utakigusa baada ya miezi miwili, hujanunua miksa bado. Umemkopesha muuzaji laki nne na elfu nane kwa wiki 8, bila dhamana, bila hata kuandikiana, na hiyo punguzo ndio riba anayokulipa. Sasa jiulize vile ungejiuliza kama jirani amekuja mlangoni kukopa laki nne: ni nani huyu, anaishi wapi, atazifanyia nini, na asipolipa namshika wapi? Ukiweza kujibu hayo basi oda ya mapema ni kitu kizuri tu. Ukishindwa, hata akikuwekea 500,000 bado ni ghali.

Na kabla hatujaenda mbali, hiyo "badala ya 950,000" ifute kichwani. Bei ya kweli ni ile mtu anaweza kuinunua nayo leo, na wewe mwenyewe umeiona Kikuubo kwa 850,000. Kwa hiyo punguzo lako ni 170,000, si 270,000 vile wanakuimbia kwa TV.

Sasa kwa nini muuzaji anataka pesa mapema? Wengi wanadhani ni ujanja, saa ingine ni ujanja kweli, ila mara nyingi ni hesabu ya kawaida kabisa. Kiwanda kule China hakikuuzii miksa 5, kinataka uchukue idadi fulani kwanza, tuseme 100 ama 200, na kawaida kinadai kama asilimia 30 ndio kianze kutengeneza, halafu inayobaki umalize kabla mzigo haujapanda meli. Huyu wa kipindi cha TV hana hizo pesa zote, ama anazo lakini hataki zilale kwenye miksa ambazo hajui kama zitatoka. Anaonyesha moja kwa TV, ile moja ya sampo inapiga mayai inafura vizuri, watu wanatuma pesa, sasa anajua anataka 130, si 40. Pesa zenu ndio zinalipa kiwanda. Hakuna dhambi hapo. Shida ni kwamba hatari yote ya biashara (meli kuchelewa, dola kupanda, kiwanda kubadilisha modeli) imetoka kwake imehamia kwako, na yeye hakukwambia.

Hii kuuza vitu kwa TV ilianza vingine kabisa. Mwaka 1977 kule Florida kulikuwa na kituo kidogo cha redio, mteja wao wa matangazo akashindwa kulipa deni akawaletea mashine 112 za umeme za kufungulia mikebe, rangi ya kijani cha ovakado, mtangazaji akaziuza hewani zikaisha. Hapo ndio likazaliwa wazo ambalo mwaka 1982 lilikuja kuwa Home Shopping Network, halafu 1986 ikaja QVC. Angalia basi: zile mashine zilikuwa pale pale kituoni, wakati anaongea anaziona. Ndio picha tuliyobaki nayo kichwani mpaka leo, ukiona kitu kinazunguka kwa TV unadhani stoo nyuma imejaa. Oda ya mapema ni kinyume chake, unauziwa ahadi, na picha ya TV ni ile ile.

Kuna aina tatu za hizi oda na muuzaji ataziita zote jina moja. Ya kwanza, vitu viko stoo tayari ila wanafungua oda kabla ya siku ya mauzo yenyewe, hii haina shida sana. Ya pili, vitu viko njiani, viko majini ama viko Mombasa. Ya tatu, vitu havijatengenezwa, wanakusanya watu kwanza. Yako kwa hizo wiki 6 mpaka 8 wanataka uamini ni ya pili. Mimi nanusa ya tatu. Wewe mpigie tu umuulize, "mzigo uko wapi leo hii?" halafu nyamaza, umwache ajaze huo ukimya mwenyewe.

Akisema uko njiani mwombe namba ya kontena. Usiogope, si siri ya serikali. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na kwa makontena haya ya kawaida ile herufi ya nne ni U, utaona imeandikwa kubwa kwenye mlango wa kila kontena linalopita Malaba. Ukiipata na jina la kampuni ya meli unaingia kwa websaiti yao unaiweka, unaona limepakiwa bandari gani na meli inatarajiwa Mombasa lini. Muuzaji ambaye kweli ana mzigo majini anayo hiyo namba kwa simu yake, maana ajenti wake wa forodha anamsumbua nayo kila siku. Akikwambia "mambo ya ofisini hayo mama" basi hayuko njiani. Kitu kimoja tu cha kumtetea: wadogo wengi hawana kontena lao, wanachangia na wengine, wanalipa kwa ujazo, kwa hiyo namba atalazimika kuiomba kwa yule anayekusanya mizigo. Mpe siku mbili tatu. Wiki, hapana.

Tuhesabu hizo wiki pamoja. Umeniandikia mwezi wa tisa unaisha. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa ya China na viwanda vinafunga kama wiki nzima, kwa hiyo kama miksa yako haijatengenezwa, haitaguswa mpaka warudi. Kutengeneza na kufunga, wiki mbili tatu kama una bahati. Meli kutoka kusini mwa China mpaka Mombasa, wiki tatu mpaka nne na saa ingine zaidi. Mombasa kwenyewe siku kadhaa, halafu barabara, halafu mpaka. Halafu kuna hiki kitu ambacho huwa kinanichekesha na kuniuma pamoja: kontena litaingia Malaba, litapita Tororo, hapo karibu na wewe kabisa, linakimbia mpaka Kampala linafunguliwa huko, ndio miksa yako ipandishwe basi irudi Mbale. Kwa hesabu hiyo Desemba inakukuta ukiwa na kale kadogo ka mkono. Kama kweli liko majini tayari, wiki 6 zinawezekana. Ndio maana swali la "uko wapi leo" lina thamani kuliko swali la "bei ya mwisho ngapi."

Na hapo kwenye kufika, uliza bei ni ya kufikia wapi. Ile bakia ya 272,000 ni shilingi hizo hizo ama itapigwa kwa dola ya siku hiyo? Ushuru umo ndani? Bidhaa nyingi zilizokamilika zinapigwa asilimia 25 ya forodha ya Afrika Mashariki, juu yake VAT ya asilimia 18, na kuna vitozo vingine vidogo vidogo. Muuzaji wa kweli ameshavihesabu vyote kwenye 680,000. Muuzaji wa kubahatisha anavikumbuka mzigo ukishafika, halafu unapigiwa simu, "mama, URA (watu wa kodi) wametupandishia, ongeza elfu tisini," na wewe utaongeza tu, juu tayari ana 408,000 zako. Hiyo simu nimesikia watu wakiipokea mbele yangu mara nyingi mno.

Sasa tuje kwa kitu chako wewe, ambacho naona hakuna aliyekwambia. Miksa si televisheni. Ni jembe. Unasema kila wiki unarudisha oda mbili. Sijui faida yako kwa keki, nakuwekea ndogo makusudi, elfu 20. Mbili ni elfu 40 kwa wiki. Ukisubiri wiki 8 umepoteza 320,000 ili uokoe 170,000. Hata wiki 6 umepoteza 240,000. Gawanya mwenyewe, 170,000 kwa 40,000, unapata wiki nne na kidogo, yaani kusubiri kokote kunakozidi mwezi mmoja kunakula punguzo lote na kuanza kuingia mfukoni mwako. Na sijahesabu wale wateja uliowarudisha ambao wamepata mtu mwingine hapo Namakwekwe na hawarudi tena. Sikukuu zenu huko hazingoji, mwaka wa imbalu (tohara) ama si mwaka wa imbalu.

Kwa hiyo kama ungeniuliza kuhusu sofa, au seti ya sahani za kioo, au pazia, ningekwambia weka oda ya mapema bila wasiwasi sana kama muuzaji anajulikana, kaa kwako subiri. Faida zake ni za kweli. Unapata bei ambayo duka la rejareja haliwezi kukupa kwa sababu hakuna stoo ya kulipia, unachagua rangi kabla hazijaisha (ukiwahi unapata ile krimu, ukichelewa unabaki na zambarau ambayo hakuna aliyeitaka), na unalipa kwa vipande viwili badala ya kutoa zote mara moja, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni nafuu kubwa. Watu wa mbali na Kampala, wa Arua huko ama Kisoro, kwao ni nafuu zaidi juu hata ukitaka kununua dukani hilo duka liko wapi? Na kuna vitu ambavyo bila oda ya mapema havitaingia nchi hii kabisa, kwa sababu hakuna mtu atajitosa kuleta 100 bila kujua nani anataka.

Ila kitu cha kukuletea pesa, nunua kilichopo. Hata kama ni kidogo kuliko ulichokitaka.

Upande wa hasara kuna vitu viwili ambavyo watu hawavifikirii mpaka vimewapata. Kimoja ni kwamba ukioda mapema wewe ndio wa kwanza, hakuna aliyekitumia akwambie gia zake ni plastiki ama chuma. Kwa miksa hiyo ndio habari yote, ile namba ya wati kwenye kibandiko usiipe uzito, kibandiko ni karatasi. Cha pili ni waranti. Inaanza kuhesabiwa lini, siku uliyolipa ama siku uliyopokea? Nilikosea hapo mimi mwenyewe, na kazi yangu ndio hii. Nililipia blenda kwa duka moja la namna hiyo hiyo, la kutangaza kwa TV, nikaambiwa mwezi mmoja na nusu ikachukua miezi minne. Sanduku lilipofika niliona kitu kabla sijalifungua: seloteipu ilikuwa mbili, ya kahawia imebandikwa juu ya nyingine nyeupe ambayo imekatwa katikati kwa kisu. Maana yake lilishafunguliwa na mtu, likarudishwa, likafungwa upya. Ndani blenda ilikuwa na harufu ya kitunguu. Harufu ya kitunguu, kitu kipya! Nikapiga simu, dada wa upande wa pili akanisomea kwa utaratibu kabisa kwamba waranti ya miezi 6 ilianza siku ya malipo kwa hiyo nimebakiza miwili, na kurudisha nirudishe kwa gharama yangu. Nilirudisha, nikapewa nyingine baada ya mabishano ya wiki tatu. Tangu siku hiyo sanduku lolote nalifungulia mbele ya aliyelileta, boda akilalamika namlipa elfu mbili ya kusubiri, na simu iko mkononi inarekodi kuanzia seloteipu.

Sasa huyo dada wa Waltham. Upendo wake nausikia, na kwa upande mmoja ana haki: huko mwenye kuoda mapema analindwa kuliko hapa. Kuna sheria ya tume yao ya biashara tangu 1975, ilianza kwa oda za posta lakini leo inashika za simu na za intaneti pia, inasema muuzaji lazima awe na sababu ya kweli ya kuamini atasafirisha kwa muda aliosema, na kama hakusema muda wowote basi ni siku 30. Akichelewa lazima akutafute, akupe nafasi ya kukubali tarehe mpya ama kurudishiwa pesa. Kuna kamtego hapo, kuchelewa kwa mara ya kwanza kusikozidi siku 30 ukinyamaza wanahesabu umekubali, kwa hiyo barua pepe zao azisome. Na maduka makubwa ya TV ya huko kwa kawaida yanakata kadi siku mzigo unapotoka stoo, hayakati siku ya kuoda. Tofauti na hapa unaiona? Huko kwa mpango kama huo muuzaji hajakopa chochote, amekuandika jina tu. Dada yako anaona oda ya mapema ni kitu salama kwa sababu kwake ni salama, haongopi.

Lakini miksa yake itakufa Mbale. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Ukichomeka ile miksa kwa ukuta wako bila kitu katikati, utasikia inalia kwa sauti ya juu sana sekunde chache, halafu moshi, na hiyo harufu hutaisahau. Kuna transfoma ya kushushia umeme, inapatikana, ila kwa miksa ya kazi unataka kubwa inayozidi wati za miksa yenyewe, ni nzito kama tofali na ni pesa nyingine. Plagi pia si yetu. Halafu kurudisha: vituo vya huko mara nyingi vinakupa kama siku 30, na hizo siku zitaishia kwenye sanduku likiwa bado linasubiri kontena la kuja Mombasa. Waranti zao nyingi ni za matumizi ya huko huko. Na uzito, miksa nzuri ya chuma kwa ndege unalipia kila kilo. Ukijumlisha yote utashangaa Kikuubo ilikuwa rahisi.

Turudi kwa wa Kampala, kama baada ya haya yote bado unamtaka, labda amekupa namba ya kontena na umeliona liko karibu na Mombasa. Basi usitume kwa namba ya mtu. Ukipiga *165# (MTN) ama *185# (Airtel) ukaanza kutuma, jina linatokea kabla hujaweka siri yako, lisome. Kama duka linaitwa jina moja na pesa zinaenda kwa kijana mwenye jina lake binafsi, simama hapo hapo. Omba namba ya malipo ya biashara (merchant code) ama akaunti ya benki ya kampuni. Jina la kampuni unaweza kuliulizia URSB, ndio wanaosajili biashara. Halafu jaribu kumshusha kwenye dipoziti, wengi wanakubali asilimia 30 ukikaza, hawapendi tu kusema. Kumbuka ni mkopo, punguza mkopo.

Na akuandikie. Si lazima iwe mkataba wa wakili, hata ujumbe wa wasapu ni ushahidi, ila uwe na vitu ndani yake: modeli kamili, bei ya kufika Mbale na kila kitu, kiasi ulicholipa, tarehe ya mwisho (tarehe, si "wiki 6 mpaka 8"), na sentensi moja kwamba tarehe hiyo ikipita una haki ya kurudishiwa pesa zote kwa siku ngapi. Mwandikie wewe hiyo sentensi, umwambie ajibu "nimekubali". Asipojibu umepata jibu.

Ukishatuma na mambo yakaharibika, kimbia mapema. Kama ulikosea namba ama umegundua ni mtego saa hiyo hiyo, piga 100 kwa mtandao wako uwaambie wazuie, maana pesa ikishatolewa kwa ajenti imekwisha, hawana cha kuzuia. Kama ni kuchelewa na kuzungushwa, wiki moja ya kuzungushwa inatosha, usifikishe miezi. Kisheria hauko peke yako, tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 na ile ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, na ahadi ya tarehe iliyoandikwa inahesabika. Hapo sasa ndio toka nyumbani uende kwa miguu yako. Mahakama ya hakimu ina utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, huhitaji wakili, unaanza kwa kumpelekea mdaiwa notisi ya madai, na nimeona watu wakilipwa kwa ile notisi peke yake kabla hata ya siku ya kusikilizwa. Chapisha zile meseji zote na risiti ya simu, muulize karani wa mahakama hapo Mbale kama faili unaifungua hapo ama anakoishi mdaiwa, atakuelekeza. Kama ni utapeli wa wazi, ofisi haipo, namba imezimwa, nenda polisi uandikishe kujipatia pesa kwa udanganyifu. Watakwambia ni kesi ya madai tu, wewe sisitiza upewe namba ya kesi. Na kwa kuwa tangazo lilipita kwa TV, kituo chenyewe kinasimamiwa na UCC, tume ya mawasiliano, malalamiko yako yakifika huko kituo kitakumbuka haraka sana ni nani alilipia lile tangazo.

Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekwambia hivi. Hiyo ya Kikuubo, panda basi la alfajiri uende uione. Beba kilo moja ya unga na blubandi nusu kilo kwa kavera, usione aibu, mwambie muuzaji achomeke, weka bakulini, acha ipige dakika 10 na mkono wako juu ya mota. Ikichemka mpaka huwezi kushika, iache hapo hapo. Ikitembea juu ya meza, iache. Geuza uangalie chini, kama gia inaonekana nyeupe ni plastiki, uliza ya akiba inapatikana duka gani na uende ulione hilo duka kabla hujatoa pesa. Ukiwa na 850,000 mkononi taslimu pale Kikuubo mwisho wa mwezi, usilipe 850,000, anza na 780 umwache alie.

Na dada yako usimvunje moyo. Mwambie akuwekee oda ya nozo za kupambia keki na zile trei za maumbo, chaneli za huko zinaanza kuuza vitu vya Krismasi tangu mwezi wa saba, na nozo na trei hazitumii umeme. Zinaingia kwa begi la mtu yeyote anayekuja Entebbe.